Kadi ya Neno Uchokozi

Tuanze na lililo kweli: siku ile mjinga alikuwa Shaweji Tindwa mwenyewe. Si waziri, si mgambo, si hakimu. Hao kila mmoja alikuwa kazini kwake. Shaweji ndiye aliyeshika kalamu kwa hiari, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza jina la mwanamke asiye na kosa, akaongeza na mtaa anaokaa, akaipeleka kadi serikalini kwa mkono wake, na njiani akawa anapiga mluzi.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Umri huo mtu akiwa mjinga hana pa kujificha; hawezi hata kusingizia utoto.

Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Utulivu. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haipo, haijawahi kuwapo, na wananchi wake wanashukuru sana kwamba haipo. Ilikuwa na bendera, wimbo, foleni, na Mlezi Mkuu aliyechaguliwa kila baada ya miaka mitano kwa kura nyingi kuliko waliojiandikisha, maana hata wasiojiandikisha walikuwa wakimpenda.

Ndani ya nchi hiyo kulikuwa na Idara ya Maana, yenye ghorofa moja, mlinzi mmoja na kazi moja: kuandika Kamusi Kuu ya Taifa. Kazi ilianza miaka ishirini na sita nyuma, Shaweji akiwa bado na nywele, na sasa walikuwa wamefika neno kikohozi. Wasioijua kazi hii waliona ni uvivu. Sababu ilikuwa utaratibu wa mwanzilishi wa Idara, marehemu Mwalimu Ngwembe, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa na ambao ulikuja kuwekwa hata kwenye sheria. Kila neno liwe na mfano, na mfano uwe umesemwa kweli, na mtu wa kweli, mahali pa kweli. Kutunga mfano mezani ilikuwa marufuku. "Sentensi ya mezani," alikuwa akisema marehemu, "ni samaki wa plastiki." Kila mfano uliandikwa kwenye kadi ngumu ya rangi ya maziwa, na chini yake mistari mitatu: jina kamili la msemaji, mtaa anaokaa, tarehe. Kadi isiyo na mistari hiyo ni batili, na neno lisilo na kadi halina maana. Kisheria, yaani. Watu waliendelea kulitumia.

Neno kikohozi peke yake lilichukua miezi miwili. Shaweji alikaa zahanati wiki nzima mpaka akampata Bi Mwantumu wa Mtaa wa Kisima, aliyesema: "Kikohozi cha mume wangu huanza mgeni akifika." Kadi ile iliposomwa ofisini watu walipiga makofi.

Shaweji aliamini kwamba kumwandika mtu kamusini ni kumpa zawadi. Matajiri wana majina yao kwenye majengo, alikuwa akisema, wakubwa wana majina yao kwenye barabara. Bi Mwantumu yeye ana kikohozi. Aliyaamini haya kwa moyo safi. Moyo wake ulikuwa safi sana. Ungeweza kuanika nguo.

*

Mwezi wa saba, gazeti moja la nchi jirani ya Ng'ambo lilichapa picha ya Mlezi Mkuu ukurasa wa nane, chini ya tangazo la dawa ya minyoo.

Taifa likatetemeka. Wananchi hawakuwa na habari, kwa hiyo redio ikawaarifu kwamba wanatetemeka. Bunge likaitwa kwa dharura, likapitisha Sheria ya Kukomesha Uchokozi kwa dakika arobaini, chai ikiwemo. Yeyote atakayepatikana na uchokozi, miaka saba jela.

Kesho yake mtu mmoja, inasemekana ni mpiga chapa, akauliza uchokozi ni nini hasa. Wakubwa wakafungua kifungu cha pili: "Uchokozi maana yake ni maana ya neno hilo kama ilivyo katika Kamusi Kuu ya Taifa." Wakafungua Kamusi Kuu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kikohozi.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Fungameza, akapiga simu Idarani mwenyewe.

"Mko herufi gani?"

"K, mheshimiwa," mkurugenzi akajibu, amesimama wima peke yake chumbani.

"Na U ni lini?"

Mkurugenzi akahesabu vidole, vikaisha, akaanza upya. "Kwa mwendo huu, mheshimiwa, na Mungu akitupa uhai, miaka thelathini na minne."

"Nawapa siku tatu. Liruke foleni."

Hivyo ndivyo neno uchokozi lilivyokuwa neno la kwanza katika historia ya Idara kupitishwa mlango wa nyuma. Kazi akapewa Shaweji, mkongwe kuliko wote.

Fasili haikumsumbua. Jioni ya kwanza alikuwa ameshaiandika: "Uchokozi: tendo la kumfuata mtu aliyetulia na kumwanzishia shari." Akaisoma mara tatu, akairidhia. Ilikuwa fupi, ilikuwa wazi, na mtoto angeielewa. Kilichobaki ni mfano. Na mfano, bwana, huwezi kuuagiza; unakaa, unasubiri watu waseme.

Bahati yake, au mkosi wa mwingine, hakusubiri sana.

*

Mbele ya lango la Idara, upande wa pili wa barabara, alikaa Bi Siwema Makunganya. Alikuwa akikaanga vitumbua pale mwaka wa kumi na moja. Idara nzima ilikuwa ikila kwake, kuanzia mkurugenzi aliyemtuma mlinzi mpaka mlinzi aliyejituma mwenyewe. Asubuhi ya siku ya pili Shaweji alikuwa amesimama pale na kikombe chake, wakati alipotokea mgambo wa jiji, kijana mmoja aitwaye Ngasa, miguuni buti mpya ambazo bado zilikuwa zikilia.

"Mama, ondoa hii takataka."

"Takataka ipi, baba? Hivi vitumbua. Jana umekula vitano."

"Jana sikuwa na amri."

"Na leo huna njaa?"

Ngasa akatazama huku, akatazama kule, kama mtu anayetafuta jibu lililoanguka. Hakuliona. Akapiga ndoo ya rojo teke. Mchele uliolowekwa tangu jana, ukasagwa alfajiri, ukamwagika barabarani, mweupe, ukaanza kutafuta mtaro.

Bi Siwema hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Huu sasa ni uchokozi. Mimi nimekaa kwangu kimya, nakaanga. Wewe umetoka kwenu na buti, kunifuata mimi."

Shaweji akahisi machozi yanamlenga. Tuseme ukweli, si kwa ajili ya rojo. Sentensi ile ilikuwa na kila kitu. Kulikuwa na mtu aliyetulia, kulikuwa na kufuatwa, na shari imeanzishwa na anayejulikana. Katika miaka ishirini na sita hajapata kuona mfano ulioikalia fasili namna ile.

"Rudia, dada! Rudia polepole!"

"Nirudie nini, mwalimu? Niinulie ndoo."

Aliandika kwanza. Ndoo akaiinua baadaye. Huo ndio mpangilio wa mambo ulivyokuwa, na kwa siku nyingi zilizofuata usiku ulipomkuta macho aliukumbuka hivyo hivyo, bila kuubadili.

"Jina lako kamili?"

"Siwema binti Makunganya. La nini?"

"Unaingia kamusini."

"Huko kuna kivuli?"

"Ni zawadi, dada yangu. Utakaa humo milele. Wajukuu watakusoma."

"Wajukuu wangu hawajui kusoma," alisema Bi Siwema, akikwangua rojo lililobaki kwa kiganja. "Haya, andika. Mtaa wa Mawe Matatu, nyumba yenye mlango wa bati. Si umesema zawadi."

*

Wizarani kadi ilipokelewa kwa heshima. Sheria ilikuwa na siku nne haina mhalifu, na waziri alishaahidi mhalifu kabla ya Ijumaa. Wapelelezi walikuwa wamepekua makabati yote ya nchi. Sasa ikawajia karatasi moja ambayo juu imeandikwa "Uchokozi", chini jina la mwananchi, mtaa, na tarehe. Hata wakongwe wa kazi ile walikiri hawajapata kuona faili lililokamilika namna hiyo. Kawaida sehemu kubwa huwa wanaijaza wenyewe.

Shaweji alipovuka barabara Alhamisi na kikombe chake, alikuta mafiga matatu, majivu, na mlinzi wa Idara amesimama pembeni kama aliyefiwa.

"Wamemchukua," mlinzi akasema. "Na chuma chake cha vitumbua."

"Kwa kosa gani?"

"Walikuwa na kadi, mwalimu. Wameisoma kwa sauti hapa hapa." Mlinzi akasita. "Wamesifia mwandiko."

Shaweji akakaa ukingoni mwa barabara. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikishika vizuri kisimwagike.

Mahabusu walimruhusu dakika tano. Bi Siwema alikuwa amekaa kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, na uso wa mtu aliyechoka tangu kabla ya kukamatwa.

"Dada, nilitaka kukuenzi."

"Najua."

"Sikudhani..."

"Mwalimu, wewe ni mtu mwema. Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Mtu mbaya ningemwona anakuja, ningeinua ndoo yangu." Akajikuna kisigino. "Wamesema miaka saba. Huyu mwanamke mwenzangu hapa kasema ukiwa na adabu wanapunguza. Nikamwuliza adabu ipi tena, mimi nilimwita yule mtoto baba."

"Nitakutoa."

"Usiahidi. Wewe ukiahidi unaandika."

*

Usiku ule Shaweji akapata wazo, na kwa kuwa lilikuwa la mtu mwema, likaharibu mambo zaidi.

Asubuhi alikwenda wizarani, akaomba kumwona waziri, akaonwa. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba kumetokea hitilafu ndogo. Kwa mujibu wa fasili iliyopo, anayefanya uchokozi ni anayemfuata aliyetulia. Bi Siwema alikuwa ametulia. Aliyefuata ni mgambo. Kwa hiyo mheshimiwa, ukiisoma kadi vizuri, mchokozi ni...

Hakumaliza. Waziri aliinua kiganja.

"Asante, Bwana Tindwa," alisema waziri. "Asante sana. Umetuokoa. Tungeingia mahakamani na maana mbovu."

Saa nane mchana ikakutana Kamati ya Kunyoosha Maana: watu tisa, meza ndefu, maji ya chupa. Fasili ya Shaweji ikasomwa, ikaonewa huruma. Kanali mmoja akasema neno "tendo" ni dogo, adui anaweza kuchokoza hata kwa kutazama. Bwana wa redio akasema na kimya kiingizwe, kwa sababu wapo wasikilizaji wasiopiga makofi hotuba ikiisha. Mwingine, ambaye hakuna aliyejua anatoka ofisi gani na hakuna aliyethubutu kumwuliza, akasema isifike mahali mtumishi wa umma akajikuta ndani ya neno hili kwa bahati mbaya. Kila mmoja akaongeza chake, kama watu wanaochangia mchuzi ambao hawataunywa. Magharibi ikafika na fasili ikazaliwa:

"Uchokozi: tendo, neno, mtazamo, au kimya chenye makusudi, kinachofanywa na mtu asiye mtumishi wa umma dhidi ya chombo cha dola kilichokuwa kikipita zake."

"Kikipita zake" liliingizwa na kanali, na alikataa kuondoka mpaka libaki.

"Na lile teke, mheshimiwa?" Shaweji aliuliza.

"Teke gani? Lile ni huduma. Jiji limempelekea mwananchi huduma mpaka alipo."

Shaweji alikuwa amechoka sasa, ule uchovu unaomfanya mtu aseme jambo la kazi tu. "Fasili imebadilika," akasema. "Inahitaji mfano mpya. Ule wa Bi Siwema haulingani na hii."

"Tunga."

"Hatutungi, mheshimiwa."

"Nani kakataza?"

Mshauri wa sheria, kijana mwembamba mwenye tai nene, akajikohoza na kueleza kwamba wamekataza wao wenyewe, kifungu cha sita, walipokuwa wakimuenzi marehemu Ngwembe. Fasili bila mfano uliosemwa na mtu mwenye jina na mtaa, mahakama itaitupa.

Waziri akamgeukia Shaweji kwa tabasamu la mtu anayefunga mlango. "Basi katafute. Nchi ina watu milioni kumi na moja. Atakosekana mmoja wa kusema jambo la maana? Una wiki mbili. Na Bwana Tindwa, ukikosa, itabidi tutumie ule wa zamani vivyo hivyo. Mama yule hatoki bila maana kupatikana."

*

Akaenda. Alikaa ofisi ya vitambulisho, alikaa kwenye bomba la maji, alikaa kikao cha harusi ya mtu asiyemjua akachangia na pesa ya kiti. Masikio yake, yaliyozoea kazi, yalilidaka neno kila lilipopita, na lilipita sana. Tangu lipigwe marufuku lilikuwa limenona.

"Kuniambia rudi kesho mara ya nne, na wewe mwenyewe kesho uko likizo, huo ni uchokozi," alisema mzee mmoja dirishani.

"Kukata maji siku ya Idi, huo si uhaba, uchokozi."

"Wamekuja kunipimia kiwanja changu mwaka wa tatu huu, hata hodi hawapigi. Nikiuliza naambiwa nina uchokozi. Mimi! Na kamba wameshika wao!"

Kila mdomo ulilielekeza neno upande ule ule. Hakuna mtu, si sokoni, si msikitini, si kanisani, aliyesikika akisema ameichokoza serikali ilipokuwa ikipita zake. Shaweji alitega sikio hata kwenye baa ya askari waliostaafu. Askari wastaafu walimwambia kuhusu pensheni, na neno walilolitumia ni hilo hilo.

Kadi zikajaa mfuko. Lakini zilikuwa na kitu kipya.

Ilianza kwa mama mmoja kwenye bomba, aliyesema sentensi safi kabisa kuhusu mita ya maji. Shaweji akatoa kadi, akaandika mfano, kalamu ikashuka kwenye mstari wa kwanza wa chini. "Aliyesema ni nani?" akauliza, kwa mazoea.

Mama yule akaiangalia kadi. Habari ya mama wa Mawe Matatu ilikuwa imeshafika kila bomba. "Andika upepo," akasema.

"Upepo wa mtaa gani?" akadakia mwenzake, na foleni yote ikacheka, kicheko kifupi, cha watu wanaotazama nyuma kwanza.

Shaweji alisimama pale na kalamu. Miaka ishirini na sita hajawahi kuacha mstari mtupu. Alikuwa akiwagombeza vijana wa Idara kwa kusahau tarehe tu. Akafunika kalamu. Akaitia kadi mfukoni na mistari yake mitatu myeupe. Zilizofuata akazifanyia hivyo hivyo, mia mbili na kumi na nne, zote batili, hakuna hata moja ya kumtoa mtu mahabusu wala ya kumwingiza.

Wiki ya pili ilipoisha alipita mbele ya lango la Idara. Pale palipokuwa na mafiga, jiji lilikuwa limeweka chungu cha saruji cha kupandia maua. Maua hayakuwepo. Kulikuwa na kibao: Eneo Hili Limetulia.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo, Hakimu Mchau, aliyesikiliza kwa kichwa kimeegemea kiganja, maana ile ilikuwa kesi yake ya kumi na saba tangu asubuhi na zote zilikuwa za utulivu.

Mwendesha mashtaka alianza na jina. Aliomba iandikwe kwamba mshtakiwa anaitwa Siwema, na hivyo alishakiri tangu siku alipopewa jina. Kisha akaonyesha chuma cha vitumbua. Akakiita "kifaa cha chuma chenye matundu saba, ambacho mshtakiwa alikijaza mafuta ya moto, mita mbili tu kutoka kwenye buti la dola."

"Alikuwa akikifanyia nini?" aliuliza hakimu.

"Alikuwa akikaanga, mheshimiwa. Kwa wakati huo."

Shaweji akaitwa kama bingwa wa maana. Akaulizwa kama maana ya neno imepatikana. Akamtazama Bi Siwema kizimbani. Siku kumi na tisa zilikuwa zimempunguza. Khanga ile ile sasa ilizunguka mara mbili.

"Fasili ipo," akasema. "Mfano haupo; ule wa zamani unamnyooshea kidole mgambo, haulingani na fasili hii. Nimezunguka wiki mbili. Sijampata mtu hata mmoja aliyesema neno hili jinsi Kamati inavyotaka lisemwe. Kifungu cha sita, maana bado haijapatikana. Na kama maana haijapatikana, mheshimiwa hakimu, huyu mama yuko hapa kwa sababu ya neno ambalo kisheria halisemi kitu."

Watu wakaguna. Ndipo kiti cha mbele kikalia, akainuka Mheshimiwa Dakta Fungameza mwenyewe, aliyekuja na redio na wapiga picha wawili.

"Mfano unatafutwa?" akasema. "Mimi siyo mtu? Mimi siyo mwananchi? Andika, Bwana Tindwa!" Akajaza kifua. "Mwanamke huyu ameifanyia serikali uchokozi, serikali ikiwa inapita zake!"

Wapiga picha wakapiga. Kanali, kule nyuma, alionekana kuguswa.

Shaweji akatoa kadi mpya. Mwandiko ulitoka kama kawaida. Akaandika sentensi, nukta kwa nukta. Akashuka mstari wa kwanza.

"Jina kamili, mheshimiwa?"

"Si unanijua?"

"Mimi nakujua. Kadi haikujui."

"Dakta Fungameza."

"Kamili, mheshimiwa. Na mtaa. Kisha tarehe ya leo."

Waziri akafungua mdomo. Hapo mshauri wa sheria, yule wa tai nene, akamvuta koti kwa nyuma. Hakusema kitu, alielekeza macho tu kizimbani. Waziri akayafuata macho yale. Pale alikuwa amesimama mtu pekee katika Jamhuri nzima aliyewahi kuandikwa jina na mtaa kwenye kadi ya neno lile.

Waziri akafunga kifungo cha koti.

"Andika," waziri akasema polepole, "mwananchi mwema."

"Wa mtaa gani, mheshimiwa?"

Hakimu Mchau akainua kichwa kutoka kwenye kiganja kwa mara ya kwanza siku ile. "Mahakama nayo," akasema, "ingependa kuujua mtaa huo."

Kicheko kilianzia kona ya wanawake, kikapita kwa mlinzi wa Idara, kikamfikia karani, aliyejifanya anapiga chafya. Waziri akakisubiri kipite kama mtu anayesubiri treni. Kisha akatabasamu, maana hakufika alipofika kwa kukosa tabasamu, akatangaza kwamba serikali haina haraka. Haraka ya nini? Neno lililoruka foleni lirudi kwenye foleni yake. Hakimu akaahirisha kesi mpaka Kamusi Kuu itakapofika herufi U. Mshtakiwa aende nyumbani, aripoti tarehe hiyo bila kukosa, akiwa na kielelezo chake chenye matundu saba.

Bi Siwema alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ukijumlisha thelathini na minne, angeripoti akiwa na themanini na sita. Alipokea chuma, akakigeuza, akaona wamekiachia kutu. Shaweji alikuja akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kalamu.

"Tusaidiane kubeba, mwalimu," Bi Siwema akamwambia. "Mikono yangu imelala."

Wakashika, huku na huku. Wangekuwa wameshatoka, lakini waziri hakuwa mtu wa kuacha mama muuza vitumbua atoke mahakamani kabla yake, tena mbele ya redio. Akawazibia mlango.

"Mama, serikali imekusamehe, ingawa hujaomba."

"Nimesikia, baba."

"Lakini tuelewane. Lile neno lina mwenyewe. Mpaka tutakapolipa maana, hakuna ruhusa kulitamka. Na jambo lisilo na neno, mama, halipo. Nimelisomea hili." Akawageukia wapiga picha, akarudi kwake. "Sasa kwa mfano, mgambo akija kwako kesho, akapiga ndoo teke, na neno huna. Utasema kafanya nini?"

Bi Siwema akahamishia chuma mkono wa pili.

"Sitasema neno, baba. Nitakwenda mpaka kwa mama yake aliyemzaa, nimweleze alivyokuja, alivyoinua mguu, na rojo lilivyomwagika. Basi, nitanyamaza. Tuone kama yeye ataniuliza maana."